Nsimire, Niliziba Madirisha ya Kuku

Nsimire mutoto wangu,

Barua hii inakufikia kwa mukono wa Mugisho, fundi mbao wa hapa kwetu Cimpunda. Wakwe zake wanakaa huko Mumosho na Jumamosi anaenda kuwaona, basi nimemuomba apite kwenu. Simu nimeshajaribu. Mamamukwe wako anapokea vizuri, anasema, "Mama Nsimire, karibu, zungumuza tu," kisha anaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie, na mimi naishia kuuliza habari ya mihogo. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema nikisikia watu wanakohoa nyuma yako.

Halafu nikawaza: hata barua wataisoma kabla yako. Mimi naandika kubwa kubwa kama mutoto wa mwaka wa tatu, na ndipo masomo yangu yaliishia, kwa hiyo hata mutu aliye mbali ataona. Basi wasome. Ninaiandika wazi. Mamamukwe, kama ni wewe umeishika, soma kwa sauti na usiruke kitu, maana iko mahali inakuhusu.

Kitu ninachoomba ni kimoja, nakiweka hapa mwanzo kusudi hata mwenye kuchoka haraka akipate. Nsimire, ukizaa, wasikufungie ndani ya chumba pamoja na mbabula, jiko la makaa. Hata mvua inyeshe siku tatu, hata mutoto atetemeke, hata wakuambie muzazi hapigwi na baridi. Wakuvalishe nguo juu ya nguo. Mbabula ibaki inje, na dirisha ibaki na nafasi.

Najua umeshainua macho juu. "Maman na woga yake." Ni kweli, nimekuwa mwoga tangu unijue. Niliogopa ziwa, niliogopa pikipiki, niliogopa hata ile sindano ya shule. Lakini safari hii si woga wa kuota. Ngoja nikuelezee vile nimefika kujua, na inaanzia kwa kuku.

Unakumbuka ile juma ulikuja na tumbo ya miezi mitano? Asubuhi ya kwanza uliamka ukavaa kiatu, ukakuta yai ndani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukainama ukaangalia chini ya kitanda, ukaona kuku saba na jogoo, na harufu ikakupiga, ukaacha kucheka.

"Maman," ukasema, "unalala na kuku, unapumua kuku. Siku moja wewe mwenyewe utataga."

Nikakujibu vile kila mutu wa hapa angejibu: "Kuku ikilala inje kwa Cimpunda, asubuhi iko kwa sahani ya mutu mwingine."

"Basi tuijengee nyumba yenye kufuli."

Ulichukua kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, ukaigeuza nyuma, ukakaa kwa mulango ukichora mpaka sombe yangu, ile mboga ya majani ya muhogo, ikaungua kwa sababu nilikuwa nimesimama juu yako nikiangalia. Sikujua kama kuku inahitaji mawazo mengi vile. Ulisema nyumba isimame kwa miguu minne, juu kama goti yangu, kwa sababu sisi tunakaa kwa mutelemuko na mvua ikinyesha maji ya majirani wa juu yote inapita kwetu. Kila muguu uwekwe ndani ya kopo yenye mafuta machafu ya gari, siafu isipande. Mulango uangalie kule jua inatokea. Chini, vumbi ya mbao, ya kubadilisha kila Jumamosi. Na hukupima kwa mita. Ulinyoosha mukono wangu juu ya karatasi, ukasema mita itapotea lakini mukono utabaki na mimi. Upana mukono moja na nusu, urefu mikono miwili.

Halafu ukachora miti ya kulalia. Mimi nilikuwa nafikiri kuku inalala tu, sawa mutu anavyoanguka. Ukanionyesha kwa vidole vyako vile muguu ya kuku inajifunga yenyewe ikikaa, ndiyo maana haianguki ikisinzia. Kwa hiyo muti uwe wa mviringo, unene kama mupini wa jembe, usiwe na kona ya kuichoma. Na yote iwe kimo kimoja.

"Ukiweka kama ngazi, Maman, zote zitapigania juu."

Mwisho ukachora tundu nne juu kabisa, karibu na mabati. Mbili upande huu, mbili upande ule, kila moja upana wa kiganja. Hapo uliacha kalamu, ukaniangalia.

"Hizi ni madirisha yao. Usizizibe. Utatamani kuziziba, nakujua."

Nikasema sitaziba. Nsimire, nilisema mbele yako.

Ulipoenda, Mugisho alikuja na msumeno. Aliangalia ile kalenda akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mama Nsimire, hii ni ya kuku ao ya deputé wa bunge?" Nikamuambia ni binti yangu amesoma, wewe pigilia tu. Tulitumia mikaratusi ya kule juu kwa miguu, na mbao za lile kabati la zamani la baba yako, lile mulango wake ulikuwa unalia. Mabati yalikuwa yamebaki wakati tulitengeneza choo. Mugisho alipiga kazi siku mbili, na siku ya pili nilimuharibia, kwa sababu nilimuambia miti ya kulalia aipange kama ngazi. Niliona inapendeza zaidi, kama kanisani wakati koro ya waimbaji inasimama kwa mistari. Jioni kuku zote saba zikapigania muti wa juu. Walipigana, Nsimire! Manyoya yanaruka, jogoo anaanguka mara mbili. Mama Riziki, ule jirani yetu wa chini, alitoka na mwiko mukononi kuangalia.

"Kuku zako sasa zinakaa kwa etaje kama watu wa ghorofa," akasema, "na tayari zinagombea kiti ya mukubwa."

Kesho yake Mugisho akarudi akashusha miti yote kimo kimoja, sawa vile ulichora, na toka siku hiyo zilikuwa zinapanda kwa utulivu, moja baada ya ingine, zinasukumana kidogo kwa mabega kisha zinanyamaza. Mimi nilikuwa ninaweka kiti karibu saa kumi na mbili naziangalia. Nilikuwa nakufikiria. Nilikuwa najiambia: huyu mutoto amenijengea kitu akiwa mbali.

Kisha mvua za baridi zikaanza. Unajua baridi ya hapa, inaingia mpaka kwa mifupa. Kuku ile ya madoa ilikuwa imeangua vifaranga kumi na moja. Nilivisikia vinalia vyote kwa pamoja, sauti ndogo, na ile sauti ilinitoboa. Upepo ulikuwa unaingia kwa zile tundu nne. Nilisimama hapo nikasema: Nsimire alichora hii wakati wa jua. Hakujua mvua itakuwa hivi.

Nikachukua matope na vipande vya gunia ya muchele, nikaziba ya kwanza. Kisha ya pili. Nikaziba zote, hata nyufa za mbao. Nikapaka vizuri kama mutu anapaka nyumba yake. Halafu nikawasha mbabula inje, nikangoja makala ishike yote, ikawa nyekundu bila moshi hata kidogo, maana mimi sikutaka moshi uumize macho ya vifaranga. Nikaiingiza ndani juu ya tofali. Nikafunga mulango na kufuli. Nilienda kulala nikiwa na furaha kama mutu amefunika watoto wake.

Asubuhi nilifungua, na kuku zote saba zilikuwa zimeanguka chini ya miti. Vifaranga vilikuwa vimelala juu ya mama yao kama vimechoka kucheza. Hakukuwa na damu wala manyoya yaliyong'olewa, na kufuli ilikuwa nzima. Ni jogoo peke yake aliyekuwa hai, yeye alikuwa ameweka kichwa kwa ufa wa mulango. Alitoka akitembea kama mulevi siku ya sikukuu.

Sasa sikiliza mama yako alifanya nini. Sikuangalia mbabula. Sikuangalia tundu. Niliangalia nyumba ya Mama Riziki. Nilishuka mpaka kwa mulango wake na kuku mbili zimekufa mukononi, nikapiga kelele mutaa mzima ukatoka. Nilimuambia alikuwa na wivu tangu siku ya etaje. Nilimuambia alitupa sumu. Na kuna neno lingine lilikuwa linakuja kwa ulimi wangu, unalijua, lile neno likitoka hapa kwetu halirudi. Lilifika mpaka kwa meno.

Mama Riziki aliniangalia tu. "Mama Nsimire," akasema, "mimi kuku yako ningeitaka, ningeila na ugali wa bukari. Singeiacha hapo ikuozee. Peleka kwa veterineri, uache kunitia watu mulangoni."

Nilienda, kwa hasira, kusudi nirudi na karatasi ya kumuonyesha. Karibu na soko ya Kadutu iko duka ya dawa ya mifugo, na veterineri ni musichana, labda anakupita miaka miwili. Nilimuwekea kuku mezani. Akafungua mudomo wa kuku, akaangalia ndani, akashika ile nyama ya juu ya kichwa.

"Mama, kuku ikikufa na ugonjwa, hapa panakuwa peusi, panaanza kunyauka. Ona hii. Iko nyekundu kuliko ikiwa hai. Uliweka moto ndani?"

"Moto hapana. Mbabula tu. Tena makala ilikuwa imeshika vizuri, bila moshi."

"Na mahali palikuwa pamefungwa?"

"Nilifunga vizuri sana."

Akaweka kuku chini polepole. Akaniambia ile makala isiyo na moshi ndiyo mubaya zaidi, kwa sababu hakuna anayeiogopa. Inatoa hewa mubaya ambayo jicho haioni na pua haisikii, na mahali pamefungwa inajaza nyumba. Mutu anasikia usingizi. Kichwa kinamupasuka, miguu inakuwa mizito, anatapika. "Mwenye mwili mukubwa anaweza kuamuka," akasema. "Mudogo haamuki. Na damu inabaki nyekundu vile, unaona?"

Nikamuuliza, "Na midomo?"

"Midomo gani, Mama?"

"Midomo ya mutoto."

Akaacha kufanya alichokuwa anafanya. Mimi nilikuwa sijamutajia mutoto yeyote.

Nsimire, hapa sasa kaa chini.

Wewe ulikuwa na miaka sita wakati ndugu yako Ombeni alizaliwa. Alikaa na sisi siku tisa. Labda unakumbuka ulikuwa unaingia kila asubuhi kuniuliza kama ameanza kujua kutembea. Ilikuwa mvua kama hii. Mimi na mutoto tulikuwa ndani ya kile chumba cha nyuma, wewe na baba yako mulikuwa munalala saloni, chumba cha mbele. Dirisha ilikuwa imezibwa na gunia na blanketi, mulango umefungwa, na chini ya kitanda mbabula, kama kila muzazi hapa anavyofanyiwa, kama mama yangu alivyofanyiwa na mama yake. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba waongeze makala.

Siku ya nane, muchana, Shangazi yako alikuja. Dada ya baba yako, mulamu wangu, ule aliyekuwa anakufunga nywele. Aliniletea uji wa mutama ndani ya termosi. Aliingia akashika kifua yake, akasema, "Mulamu, hapa ndani joto ni mubaya, nawe unakaa namna gani? Acha hewa iingie." Akatoa gunia, akafungua dirisha. Tukazungumuza, tukacheka, akamubeba Ombeni, akamuimbia. Alipoenda tu, nilifunga tena dirisha. Nikaweka gunia, nikaongeza blanketi juu yake. Nikaita wabadilishe makala.

Asubuhi baba yako alinikuta nimeanguka kati ya kitanda na mulango, nimetapika, siwezi kusimama, kichwa kama kinapigwa na nyundo. Ombeni alikuwa mahali nilimulaza. Midomo yake ilikuwa nyekundu. Wamama waliokuja kumuosha walishika midomo yao wenyewe wakasema huyu hakuugua, huyu amechukuliwa. Na mimi nilikuwa natapika, nikawaza, nilikula nini? Uji.

Nilimtaja mimi, Nsimire. Watu wanafikiri ilikuwa ni familia, ao wazee. Ni mimi. Mbele ya watu wote waliokaa matanga nilisimama nikasema ni yeye aliyemuloga.

Yeye alisema neno moja tu: "Mulamu, mimi nilifungua dirisha."

Na mimi nikamujibu mbele ya wote: "Nani anafungua dirisha ya muzazi kama hana kitu anataka kuingiza?"

Watu wakasema ee. Hicho ndicho kikawa ushahidi. Baba yako aliangalia tu vidole vya miguu yake. Vijana wa mutaa wakaenda kuvunja sufuria zake na mulango wake. Kabla juma iishe alikuwa ameshahamia Mumosho, na kitu kimoja tu kichwani, godoro. Miaka minne iliyopita, siku tulizika baba yako, alikuja. Ulimuona? Alisimama barabarani, upande wa pili, na kitenge nyeusi, kwa sababu nilikuwa nimesema kama anaingia mimi natoka. Alizika kaka yake kutoka barabarani.

Na wewe nilikufundisha kumukimbia. Alipokuletea ndizi siku ya komunyo yako ya kwanza, nilizimwaga chooni mbele yako. Uliniuliza zimeoza? Nikasema ndiyo. Na ulipopata mume wa huko huko Mumosho, nililia usiku kucha, na wewe ukafikiri ninalia kwa sababu unaniacha. Nililia kwa sababu ya nyumba yake kuwa karibu na yako. Siku unarudi na tumbo yako, pale kwa kituo cha pikipiki, nilikushika masikio nikasema: "Shangazi asiione tumbo hii. Asiishike. Usikule kwake hata kitu chenye ganda." Uliniuliza, "Maman, lakini alifanya nini kweli?" Nikasema, "Mimi najua."

Sikuwa najua kitu.

Kutoka kwa veterineri nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia. Nilipita kwanza kwa Mama Riziki nikamuomba samahani hapo hapo mulangoni, watu wakiona, kama vile nilimutukana watu wakiona. Yeye hajui habari ya Ombeni, alihamia hapa baada ya hayo. Lakini aliniambia, "Leo ni kuku, unaomba samahani. Ndani mule kungekuwa na mutoto, ungekuja?" Kisha akaona uso wangu, akanikalisha.

Nilienda pia kwa padri, kuungama. Nilisema yote, nikangoja anipe malipizi. Akasema, "Mama, Mungu amesikia. Lakini si mimi uliyemuharibia jina." Nilimukasirikia kidogo. Nilikuwa nataka anipe rozari kumi niende.

Nimezibua zile tundu nne. Mugisho ametia waya juu yake ili kicheche isiingie, na jogoo analala mule peke yake kwa muti wa katikati. Mugisho aliniambia ninunue kuku zingine. Nimemuambia nangoja kwanza. Siwezi sasa kuangalia kitu kidogo kinachopumua bila kuhesabu pumzi zake. Nakwenda jikoni nazima makala naiwasha tena. Kwa misa nilisikia kitoto kinalia nyuma nikageuka kuangalia kama mulango wa kanisa uko wazi.

Na ninakuona wewe, kila saa. Nakuona ndani ya chumba cha mamamukwe wako, mvua inapiga, naye kwa moyo muzuri anasukuma mbabula chini ya kitanda yako. Sisemi ni mubaya, Mamamukwe. Ningekuwa ni mimi kabla ya hizi kuku, ningekusaidia kuisukuma. Ningekukemea kama ungesahau. Ndiyo maana ninaogopa hivi: hakuna mutu mubaya wa kuchunga. Ni watu wenye kupenda ndio watafunga ile dirisha.

Sikiliza vile veterineri alinieleza, na baadaye nikaenda kumuuliza muuguzi wa materinite, kule wanazalia, naye akasema hivyo hivyo. Kama baridi ni kali, mujaze maji ya moto ndani ya chupa, mufunge vizuri, muizungushie kitambaa nzito, muiweke kwa miguu yako, isimuguse mutoto. Mutoto umuweke kwa kifua yako, ngozi kwa ngozi, kisha kitenge, kisha blanketi juu yenu wote wawili. Kofia kichwani, soksi. Mwili wako unamutosha. Mbabula iwashwe inje, ipike inje. Na kama mutu yeyote ndani ya ile nyumba anaanza kusema kichwa kinamuuma na usingizi unamushika muchana, musiulize alikula kwa nani. Mufungue kila kitu na mutoke inje.

Sasa jambo lingine, na hili ndilo limenifanya nichane karatasi tatu.

Kwa desturi mimi ningengoja. Utazaa, wataleta habari, sisi tutapanga wamama, tutajaza vikapu, tutakuja kwa wimbo. Mama ya binti hafiki kwa wakwe bila kuitwa, najua, na mamamukwe wako anajua. Lakini sitangoja. Jumatatu asubuhi nitapanda gari ya Mumosho. Kabla ya kufika kwenu nitapita kwa Shangazi.

Nimejaribu kutayarisha maneno. Nimejaribu nikifua nguo, nimejaribu njiani, Mama Riziki amekaa kwa kiti akajifanya yeye ndiye Shangazi, akanikunjia uso mpaka nikacheka kisha nikalia. Nasema, "Mulamu," na baada ya hapo sipati kitu. Miaka yote hii. Nitamuambia nini? Kwamba alikuwa peke yake ndani ya ile nyumba aliyetaka mutoto wangu apumue? Akinifukuza ana haki. Akinitemea mate ana haki. Akinipa maji ya kunywa, hapo ndipo sijui nitafanya nini.

Mamamukwe, hapa ndipo nilisema inakuhusu. Nakuomba haya yasifike kwake kabla yangu. Najua kwenu habari inatembea haraka kuliko gari. Siku mbili tu, hiyo Jumamosi na Jumapili, mushikilie midomo. Ni mimi nilimutaja mbele ya watu, ni mimi ninapaswa kuzungumuza, tena mbele ya watu, kama atapenda kuwaita.

Lakini, Nsimire, kama uchungu unaanza kabla sijafika, basi sahau hiyo ya kushikilia midomo. Musiningoje. Mutume mutu akimbie kwa Shangazi. Mumusomee barua hii yote, hata kwa kelele, hata mbele ya wamama wote wa Mumosho, na mumuombe aje akae karibu na kitanda yako, achunge dirisha ibaki wazi. Mimi nitakuwa bado njiani, aibu yangu nitaibeba nikifika. Mutoto asiingojee.

Nakushika mikono yote miwili, na hiyo tumbo naiwekea kiganja kutoka huku. Ulale kwa ubavu, ukunywe maji, na umusalimie mukwe wangu. Tuonane Jumatatu, kama Mungu anapenda.

Mimi, mama yako.